Jina kwenye chati halifundishi sayansi

Ukiingia nyumbani kwa mwalimu saa mbili usiku siku hizi, huenda ukakuta mafunzo yanaendelea. Simu imeegemezwa kwenye kikombe, sauti imepunguzwa, kamera imezimwa. Ndani ya simu mkufunzi anasoma slaidi kuhusu namna ya kufundisha sayansi kwa vitendo. Mezani mwalimu anasahihisha madaftari, anapoza uji wa mtoto, anamjibu mzazi anayeulizia karo. Kisha sauti ya simuni inasema, "Walimu, tafadhali andikeni jina, shule na namba ya TSC kwenye chati." Kalamu nyekundu inawekwa kando. Majina yanamiminika kwa mamia. Dakika mbili baadaye kila mtu amerudi kwenye shughuli yake, na slaidi inayofuata inapita bila kusomwa.

Nimeliona jambo hili katika nyumba za walimu wa rika zote, mjini na mashambani. Mwalimu mmoja wa Fizikia aliulizwa na binti yake mbele yangu, "Baba, mbona huongei nao?" Akamjibu, "Hawajaniuliza kitu, mama."

Hawajamuuliza kitu. Mtu anayefunzwa jinsi ya kumfanya mtoto aulize, apime, akadirie na ajaribu, anafunzwa kwa kunyamazishwa. Nitasema ninachoamini mapema ili msomaji ajue ninakoelekea. Mafunzo ya mtandaoni kwa walimu wa sayansi na takwimu ni jambo jema na tunayahitaji sana, lakini yafanywe kwa kutenda, walimu wakiwa wameketi pamoja shuleni, ndani ya saa za kazi, kwa gharama ya mwajiri. Yakifanywa kama yanavyofanywa sasa katika nyumba nyingi, yanamla mwalimu bando na usingizi, na mtoto wa darasani haoni tofauti yoyote Jumatatu asubuhi.

Mzigo ulitangulia

Tukumbuke tulikotoka. Januari 2023 watoto wa Gredi ya 7 waliingia sekondari msingi, ndani ya shule za msingi ambazo nyingi hazikuwa na hata chumba kimoja cha maabara. Mwalimu aliyesomea Biolojia na Kemia chuoni alikabidhiwa somo la sayansi lililounganishwa, ambalo ndani yake mna umeme, sumaku na nguvu za mwendo. Akaongezewa Kilimo, na pengine na masomo ya kiufundi, kwa kuwa kiwango cha sekondari msingi katika shule yake kilikuwa na walimu wawili tu. Mwaka uliotangulia, Aprili 2022, taasisi ya ukuzaji mtaala, KICD, ilikuwa imeidhinisha mtaala wa kufundisha watoto kuandika programu za kompyuta, na Kenya ikasifiwa kuwa ya kwanza barani Afrika kufanya hivyo. Januari 2026 kundi lile lile la kwanza likafika Gredi ya 10, na mpango wa Wizara ya Elimu ni kwamba asilimia 60 ya nafasi za sekondari pevu ziwe za mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati.

Asilimia 60! Ni lengo zuri. Ila ni nani atakayewafundisha, na yeye amefundishwa na nani?

Wengi wa waliobeba mzigo huo miaka ya mwanzo walikuwa walimu vibarua, waliokuwa wakilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Mei 2024 waligoma, na wiki kadhaa watoto wakakaa bila mwalimu. Mtu wa mshahara huo anaponunua bando la kuhudhuria mafunzo usiku, fedha hizo zimetoka kwenye unga. Nao walimu walioajiriwa kwa masharti ya kudumu hawakusazwa: Septemba 2021 TSC, tume inayowaajiri walimu, ilizindua mpango wa mafunzo endelevu ya walimu, moduli sita, kila moja ya miaka mitano, na mwalimu akatakiwa kulipa shilingi 6,000 kwa mwaka kutoka mfukoni mwake. Ukizidisha kwa miaka 30 unapata shilingi 180,000. Vyama vya walimu vilipinga, na havikukosea. Mkono mtupu haulambwi, na kumtoza mfanyakazi ada ili afanye vizuri zaidi kazi uliyomwajiri kuifanya ni kumlamba mkono uliokwisha kuwa mtupu.

Tulikuwa na meza, tukaipoteza

Wenye umri wanaikumbuka SMASSE. Mpango huo ulianza mwaka wa 1998 kwa ushirikiano wa serikali ya Kenya na JICA, shirika la maendeleo la Japani, kwa majaribio katika wilaya tisa, kisha ukaenea nchi nzima kuanzia 2003. Kituo chake kikuu, CEMASTEA, kiko Karen, Nairobi, hadi leo. Walimu wa Hisabati na sayansi walikusanyika likizoni katika shule moja ya wilaya, wakakata chupa za plastiki, wakaunganisha betri za tochi, wakatengeneza vifaa vya maabara kwa vitu vya dukani na jikoni. Fikra yake ilikuwa nyepesi kueleweka: panga, tenda, tazama kilichotokea, kisha uboreshe.

Ulikuwa na kasoro, na sitaki kuzifunika. Walimu walinung'unika kuhusu marupurupu na kunyang'anywa likizo. Zaidi ya hayo, ujuzi ulishuka kwa ngazi: wakufunzi wa kitaifa waliwafunza wa wilaya, wa wilaya wakawafunza walimu, na kila ngazi ikapunguza kitu. Waliofika mwisho walipokea maneno mengi na maana chache.

Hapo ndipo mtandao ulipokuja na ahadi iliyokuwa tamu kweli. Mwalimu wa mbali, kule Lodwar, angemsikia bingwa moja kwa moja, bila ngazi katikati, bila nauli, bila kulala bwenini. Ahadi hiyo ilitimia nusu. Sauti ya bingwa ilifika Lodwar. Meza yenye chupa na betri haikufika, wala yule mwalimu mwenzako aliyekuwa akikusogelea na kusema, "Hebu geuza hiyo betri, umeiweka kinyume." Elimu bila amali ni kama nta bila asali, wahenga walisema, na sisi tumekuwa tukisambaza nta kwa kasi ya intaneti.

Gorogoro tano za mahindi

Niruhusu nikae kidogo hapa, maana neno "data" limekuwa la kutisha na watu wanadhani ni mambo ya kompyuta za bei kubwa.

Chukua mwalimu wa Gredi ya 8 katika mji mdogo wenye soko. Awatume watoto watano, kila mmoja aulize bei ya gorogoro ya mahindi katika kibanda kimoja. Tuseme wanarudi na namba hizi: 120, 130, 125, 120 na 255. Watoto wakitafuta wastani watapata shilingi 150. Hesabu yao ni sahihi, daftari litatiwa alama ya vyema, somo litaisha.

Mwalimu aliyefunzwa vizuri hataishia hapo. Atauliza: katika vibanda hivi vitano, ni kipi kilichouza kwa 150, au hata karibu na 150? Hakuna. Basi wastani huu unamweleza nani habari za soko? Panga namba kuanzia ndogo hadi kubwa, uangalie iliyo katikati: ni 125. Hiyo inafanana na soko ambalo mama zao wanalijua. Kisha linakuja swali lenyewe: ile 255 imetoka wapi? Labda kibanda kile kinauza mahindi ya mbegu. Labda mtoto alisikia vibaya. Labda aliambiwa bei ya gorogoro mbili akaiandika kama bei ya moja. Je, tuifute? Tuiache? Turudi sokoni tukaulize tena?

Katika swali hilo moja mna zaidi ya nusu ya kazi anayoifanya mtaalamu wa takwimu popote duniani: kupima kwa kipimo kilichokubaliwa, kuandika namna ulivyopima, kuitilia shaka namba inayojitenga, na kutoifuta kwa sababu tu inakuudhi. Kompyuta inakuja baadaye, na mwalimu akishajua haya, kumwonyesha jedwali la kielektroniki ni kazi ya alasiri moja.

Sasa nikuulize, msomaji: hili unaweza kumfunza mwalimu kwa slaidi? Unaweza kumweleza, naam. Lakini mwalimu ambaye hajawahi kukaa mbele ya namba tano zinazobishana, akachanganyikiwa, akabishana na mwenzake, hawezi kuwaongoza watoto 60 kupitia mkanganyiko huo huo. Ataogopa. Akiogopa atarudi kwenye wastani wa 150, kwa sababu kitabu cha majibu kinataka wastani. Hakuna aliyejifunza kusukuma chapati kwa kusikiliza redio.

Waliokaa pamoja wakafaulu

Wapo Waafrika waliokwisha kulitatua tatizo hili, na inashangaza kwamba wasomi wetu wanawajua ilhali shule zetu haziwajui. Mtandao wa watafiti uitwao H3ABioNet, ulioongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Cape Town, ulitaka kuwafunza watu wengi namna ya kuchambua taarifa za vinasaba kwa kompyuta. Wakufunzi walikuwa wachache na wametawanyika. Mwaka wa 2016 ulianzisha kozi ya miezi mitatu ya masafa, bila malipo. Mihadhara ilirekodiwa na kusambazwa mapema, ili intaneti ikilegea mtu asikose somo. Ila wanafunzi hawakuachwa kila mmoja na simu yake chumbani. Walikusanyika katika madarasa 20 kwenye nchi 10, kila darasa likiwa na msaidizi wa pale pale aliyeketi nao, akiwasukuma, akiwakwamua. Kwa saa zilizopangwa waliunganishwa na mkufunzi mkuu ili waulize maswali waliyoyakusanya. Walioandikishwa mwaka huo wa kwanza walikuwa 364.

Tazama walichokifanya. Mhadhara, ambao ndio sehemu rahisi kusafirisha, waliupitisha mtandaoni. Kukwama na kukwamuana, ambako hakusafiri vizuri, walikuacha chumbani pamoja na watu.

Mfano wa pili ulizaliwa nje ya Afrika, nao ni wa The Carpentries, harakati ya kujitolea inayowafunza watafiti kuandika programu na kushughulikia data. Mzizi wake ni kozi iliyoanza mwaka wa 1998 katika maabara ya Los Alamos, Marekani, na leo warsha zake hufanyika hata Afrika. Kwao mkufunzi haonyeshi slaidi. Anaandika programu mbele ya watu, mstari kwa mstari, na wao wanaandika pamoja naye. Akikosea wanaliona kosa na wanaona anavyolitafuta. Katika warsha ya ana kwa ana kila mshiriki ana vikaratasi vya rangi mbili: akiwa amekwama anabandika kimoja juu ya kompyuta yake, akimaliza anabandika kingine, na wasaidizi wanajua waende wapi.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi wanavyowaandaa wakufunzi wao wenyewe, mara nyingi kwa njia ya mtandao. Kila anayefunzwa lazima afundishe mbele ya wenzake kwa dakika chache, kamera ikiwa imewashwa. Kisha wenzake wanamwambia lililokwenda vizuri na la kurekebisha, katika kile alichofundisha na katika namna alivyokifundisha. Hakuna kujificha nyuma ya jina kwenye chati. Mtu mwenye aibu anatetemeka mara ya kwanza, na mara ya tatu anafundisha. Kwa nini walimu wetu, ambao wanasimama mbele ya watu kila siku ya kazi, wasiombwe hata mara moja katika mafunzo yao wafundishe?

Simu ile ile, matumizi mengine

Tena vifaa vipo. Wengi wanadhani bila maabara ya mamilioni hakuna sayansi. Chuo kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, kilitoa mwaka wa 2016 programu ya bure iitwayo phyphox, inayogeuza simu kuwa kifaa cha kupimia. Ina saa inayoanza na kusimama kwa sauti. Ning'iniza kitu kizito kwenye puto, mita 1.25 juu ya sakafu, kisha upasue puto. Mlio wa puto unaanzisha saa, kishindo sakafuni kinaisimamisha, na simu inasoma takriban nusu sekunde. Kutoka kwenye nusu sekunde hiyo darasa zima linaweza kukokotoa mchapuko wa uvutano wa dunia. Haihitaji intaneti ukishaipakua. Inahitaji simu moja, ya mwalimu, ile ile aliyoiegemeza kwenye kikombe.

Kwa mambo yasiyofanyika kwa puto upo mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado, ulioanzishwa mwaka wa 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia, wenye majaribio ya kuigiza ya umeme, mawimbi na atomi, mengine yakiwa yametafsiriwa kwa Kiswahili. Na kuna shule za Kenya ambazo uani mwake mna mitambo ya kupima hali ya hewa iliyowekwa na mradi wa TAHMO. Mvua, joto na upepo wa kijiji cha watoto hao vinaandikwa mchana na usiku. Ni walimu wangapi wa shule hizo waliowahi kukaa saa moja wakafunzwa jinsi ya kuzigeuza namba hizo kuwa somo la Jiografia, la Kilimo, la Hisabati?

Bei inayolipwa nyumbani

Ningeweza kuliacha jambo hili kwa wataalamu wa elimu kama lingekuwa la shuleni peke yake. Silo.

Kijana anayemaliza shule bila kujua kusoma namba anapokea ujumbe wa mkopo wa simu: riba asilimia 8 tu. Hajui kuuliza, ya muda gani? Ikiwa ni ya mwezi mmoja, basi kwa mwaka ni asilimia 96, na bado hatujahesabu riba juu ya riba. Kijana huyo huyo anabeti kila wikendi, akiamini timu iliyoshindwa mara nne mfululizo "sasa lazima ishinde". Mama yake anauza kuku ili alipe deni, wala hajui deni lilizaliwaje. Tumezoea kuita hayo tabia mbaya za vijana. Mengine ni masomo ambayo hayakufundishwa.

Na si vijana tu. Katikati ya mwaka wa 2023 wataalamu wa hali ya hewa walionya kuhusu uwezekano wa mvua kubwa za El Nino. Oktoba Rais William Ruto akatangaza kwamba El Nino ile ya maafa haitakuja tena. Wataalamu wakasema uwezekano wake bado ni mkubwa. Wananchi wakabaki wakiuliza: inakuja au haiji? Mvua ilikuja, mito ikavunja kingo, na zaidi ya watu 100 wakafa. Utabiri wa hali ya hewa huja kwa lugha ya uwezekano, na taifa ambalo halikufundishwa kuisoma lugha hiyo hutafuta mtu wa kuliambia ndiyo au hapana. Anayehamisha mbuzi na magodoro kwa sababu uwezekano ni saba kwa kumi hajawa mwoga, amesoma namba. Mahali pa kujifunzia hilo ni darasani, kwa mwalimu ambaye mwenyewe amepima mvua kwa kopo, akaandika, akakisia ya kesho, akakosea, akakisia tena.

Saa mbili za Jumatano

Najua nitaambiwa hakuna fedha. Hebu tuzihesabu zilizopo. Walimu kumi wa shule mbili jirani wakitozwa ada ile ya 6,000, ni shilingi 60,000 kwa mwaka. Kwa fedha hizo, kama zingetolewa na mwajiri na kuachwa pale shuleni, unapata intaneti ya chumba kimoja kwa muhula mzima, puto, kopo za mvua, nyaya na betri, na chai ya walimu wakiwa kazini. Fedha zikilipwa na mwajiri, mwalimu atadaiwa matokeo, na hapo mwajiri ana haki ya kudai.

Nitaambiwa pia hakuna muda. Muda upo, ila tumeuiba usiku. Jumatano alasiri shule nyingi zina michezo au vilabu. Walimu wa sayansi wa shule jirani wapewe saa mbili hapo, kila wiki mbili. Video ya bingwa iwe imepakuliwa tangu asubuhi, isizidi dakika 15. Kisha simu iwekwe chini na kazi ianze mezani, mwalimu mmoja akifundisha kipande, wenzake wakimrekebisha. Maswali yaliyowashinda yatumwe kwa mkufunzi wa CEMASTEA au wa chuo, naye ajibu moja kwa moja kwa video, kamera zote zikiwa zimewashwa. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mwalimu wa sayansi aliye peke yake katika sekondari msingi ni hicho kidole kimoja.

Swali la mwisho ni la wanaotoa vyeti. Leo, mara nyingi, mwalimu anapewa cheti kwa kuhesabiwa saa alizokuwa ameunganishwa. TSC ingeweza kubadilisha hilo kwa waraka mmoja: cheti cha mafunzo ya sayansi kitolewe mwalimu akishaonyesha somo moja alilolifundisha darasani kwake, pamoja na data ambazo wanafunzi wake walizikusanya kwa mikono yao na makosa waliyoyagundua ndani yake. Waraka huo hauhitaji bajeti ya Bunge wala mfadhili. Unaweza kuandikwa kabla ya muhula ujao kufunguliwa, na mkuu wa shule asiyetaka kuungoja anaweza kuanza na walimu wake watatu Jumatano hii.